Mtakatifu Augustino: kijana aliyefaulu usaili



Vijana wenzangu, wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa parokiani kwetu alinitumia ujumbe usiku. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, au intavyuu kama tunavyosema mtaani, na usaili wenyewe ulikuwa Dar es Salaam. Nauli ameazima kwa mjomba wake, shati amelipiga pasi mara mbili, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki, na basi linaondoka saa 12 asubuhi. Akaniomba nimwombee. Halafu akaniuliza kama Kanisa lina mtakatifu wa watu wanaokwenda kwenye usaili. Nikamwambia kumwombea nitamwombea, ila huyo mtakatifu anipe siku chache nimtafute.

Nimempata. Wengi wetu tunamjua kwenye picha za ukutani: askofu mwenye ndevu, kitabu mkono mmoja, na moyo unaowaka moto mkono wa pili. Lakini kabla ya kofia ya askofu alikuwa kijana wa mji mdogo wa Afrika ambaye kwao ada iliisha akiwa katikati ya masomo. Alisomeshwa kwa hela ya mfadhili, akahama mji hadi mji akitafuta nafasi, akasimama mbele ya mkubwa mmoja wa Roma kupimwa, na akafaulu. Ni Mtakatifu Augustino. Ninawaletea maisha yake leo kwa sababu ya huo usaili, na hasa kwa sababu ya yale yaliyompata baada ya kufaulu.

Mtoto wa Thagaste

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati ule Afrika ya kaskazini ilikuwa chini ya dola la Roma, na lugha ya shule ilikuwa Kilatini. Baba yake, Patrisi, alikuwa na shamba la kiasi na alikuwa mjumbe wa baraza la mji, nafasi yenye heshima kuliko hela. Hakuwa Mkristo, alibatizwa mwishoni kabisa mwa maisha yake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kusali kweli kweli.

Wazazi hawa hawakuwa na imani moja, lakini kwenye jambo moja walikubaliana: huyu mtoto ana kichwa, lazima asome. Siku zile kijana wa mkoani alikuwa na ngazi moja ya kupandia, nayo ni balagha, yaani ufundi wa kusema mbele za watu. Anayejua kusema angeweza kuwa wakili, mwalimu wa mji mkubwa, hata mkuu wa jimbo. Basi Augustino akasomeshwa kwanza hapo hapo nyumbani, ambako alichapwa sana na akakichukia Kigiriki, kisha akapelekwa Madaura, mji wa jirani.

Alipofika miaka 16 hela ikaisha. Akarudi nyumbani kukaa, huku baba yake akihangaika huku na kule kutafuta ada ya kumpeleka Karthago. Kama umewahi kukaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri ada, unaujua mwaka huo ulivyo. Hakuna shule, hakuna kazi, kuna kijiwe tu. Ni katika mwaka huo yeye na wenzake waliingia usiku kwenye shamba karibu na kwao wakaiba mapeasi. Hata njaa hawakuwa nayo. Walionja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, kisa hicho kidogo kilikuwa bado kinamuuma, kwa sababu hakuweza kujipa sababu nyingine ya kuiba zaidi ya raha ya kufanya kilichokatazwa akiwa na wenzake.

Mlango ulifunguliwa na tajiri mmoja wa Thagaste, Romanianus, aliyejitolea kumshika mkono. Kwa msaada wake Augustino akaenda Karthago, na hata Patrisi alipofariki, kijana akiwa na miaka kama 17, masomo hayakukatika. Huo ndio ufadhili wake wa kwanza. Ulimjia bila usaili, kutoka kwa mtu wa nyumbani aliyemfahamu tangu utotoni.

Karthago

Karthago ulikuwa mji mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Kirumi. Darasani Augustino aliongoza. Nje ya darasa alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, jina lenye maana ya aliyetolewa na Mungu.

Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kitabu kinachohimiza falsafa. Kitabu chenyewe leo kimepotea. Sisi tuliopita darasa la falsafa tunakipenda kisa hiki, maana kinaonyesha kijana aliyefungua kitabu ili ajifunze kusema vizuri, akakifunga akiwa na hamu ya kuijua kweli. Akaijaribu Biblia, lakini lugha yake akaiona ya kishamba. Akajiunga na Wamanikei, watu waliofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nguvu ya mwanga na nguvu ya giza. Alikaa kwao miaka karibu 9. Monika alilia sana. Kuna wakati hata kukaa naye nyumba moja alikataa.

Akawa mwalimu, kwanza Thagaste, halafu Karthago. Alishinda shindano la ushairi na akavishwa taji na liwali wa Kirumi mwenyewe. Lakini wanafunzi wa Karthago walikuwa wasumbufu mno. Vikundi vya vijana viliingia darasani kwa fujo hata kama si darasa lao. Marafiki wakamwambia kwamba Roma wanafunzi wametulia na malipo ni mazuri. Wakati huo huo imani yake kwa Wamanikei ilikuwa imeyumba. Alikuwa amemsubiri kwa miaka Faustus, mwalimu wao mashuhuri, aje ajibu maswali yake. Faustus alipofika, alikuta mtu mpole, msemaji mtamu, asiye na majibu.

Uongo wa bandarini

Mwaka 383 akaamua kuondoka. Monika alimfuata mpaka pwani, akamshika: ama arudi naye nyumbani, ama waende wote. Augustino akamdanganya. Alimwambia haendi popote, kwamba yuko pale kumsindikiza rafiki anayesubiri upepo. Mama akakubali kwa shida kwenda kulala kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriani kilichokuwa karibu na bandari. Usiku ule, wakati mama anasali na kulia, meli ikatweka tanga. Asubuhi Monika akabaki ufukweni na huzuni yake.

Ndugu zangu, tusimtetee haraka eti kwa sababu alikuja kuwa mtakatifu. Alimdanganya mama yake mzazi, mjane, ili asikose safari. Yeye mwenyewe hakujitetea. Baadaye aliona kwamba Mungu alikuwa na jibu la kumpa Monika, jibu kubwa kuliko lile aliloomba usiku ule. Ni kweli. Lakini kosa lilibaki kosa. Mungu hakuuhitaji uongo ule. Alimfikisha Augustino mahali pema licha ya huo uongo.

Huko Roma mambo hayakuanza vizuri. Alishikwa na homa kali akakaribia kufa, akiwa ugenini nyumbani kwa Mmanikei. Alipopona akaanza kufundisha, akakuta wanafunzi wa Roma kweli hawana fujo, ila wana lao: siku za kulipa zikikaribia, kundi zima linahamia kwa mwalimu mwingine, na wewe uliyefundisha unabaki mikono mitupu.

Usaili

Ndipo mwaka 384 likaja tangazo. Mji wa Milano ulihitaji mwalimu wa balagha. Wakati ule Milano ndiko alikokaa Kaisari Valentinian wa Pili, aliyekuwa bado mtoto wa miaka kama 13, pamoja na wakubwa wote wa ikulu. Aliyepata nafasi ile angefundisha watoto wa wakubwa na kusema mbele ya Kaisari siku za sherehe, na akicheza vizuri karata zake angeweza kufika mbali serikalini. Hata safari ilikuwa kwa gharama ya umma, kwa magari na wanyama wa serikali. Milano waliandika kwa mkuu wa mji wa Roma, Symmachus, awachagulie mtu.

Symmachus alikuwa msemaji mashuhuri wa zama zake, na alikuwa mpagani mwenye msimamo. Mwaka huo huo alikuwa amemwandikia Kaisari akiomba madhabahu ya mungu wa kike wa Ushindi irudishwe kwenye ukumbi wa baraza la Roma. Aliyempinga kwa nguvu zote ni askofu wa Milano, Ambrosi.

Je, Augustino aliingiaje? Hapa ndipo pagumu. Aliingia kwa kujuana. Marafiki zake Wamanikei walikuwa na watu wao, wakamsemea. Mafundisho yao alikuwa hayaamini tena, lakini mgongo wao aliupanda. Halafu ukafika usaili wenyewe: akapewa mada, akasimama mbele ya Symmachus, akasema. Na alikuwa anajua kusema. Symmachus akaridhika, akampitisha.

Hebu tukae hapo kidogo. Symmachus alipima sauti, mpangilio wa hoja, uteuzi wa maneno. Alipima kwa haki, na kweli alimchagua mtu mwenye uwezo. Lakini ndani ya mtu yule kulikuwa na mengine ambayo usaili haukuyagusa: mama aliyeachwa ufukweni, dini anayoitumia bila kuiamini, na swali la kweli ambalo tangu miaka 19 hajalipatia jibu. Simlaumu Symmachus, maana hiyo haikuwa kazi yake. Usaili wowote, hata wa leo, unatazama unachoweza kufanya. Hauwezi kukuambia wewe ni nani, hata ukikupa alama zote.

Akapanda usafiri wa serikali, akaenda Milano, safari ya kilomita karibu 600 kutoka Roma. Alikuwa anatimiza miaka 30. Kwa macho ya Thagaste, mtoto wa Patrisi amefika.

Milano

Alipofika alikwenda kumsalimu askofu. Ambrosi alimpokea kwa upole kama baba anayempokea mtoto kutoka safarini. Ambrosi mwenyewe alikuwa na historia yake: mwaka 374 alikuwa mkuu wa jimbo, alikwenda kanisani kutuliza ugomvi wa kumchagua askofu, na watu wakamchagua yeye, hata ubatizo akiwa bado hajapata.

Augustino akaanza kwenda kanisani kumsikiliza. Alikwenda kama fundi anayekwenda kuangalia kazi ya fundi mwenzake, atazame namna anavyosema tu. Lakini ukisikiliza namna mtu anavyosema, na anachosema kinaingia. Zile sehemu za Agano la Kale ambazo Wamanikei walizicheka, Ambrosi alizieleza kwa maana ya ndani, na Augustino akaona kwamba imani ya Kanisa ina hoja zake. Akaachana na Wamanikei, akabaki mkatekumeni, jinsi mama yake alivyokuwa amemweka tangu utotoni.

Alitamani kukaa na Ambrosi amweleze matatizo yake. Ilishindikana. Mlango wa askofu ulikuwa wazi kwa wote, na kila saa kulikuwa na foleni ya watu na shida zao. Dakika chache asipokuwa na watu, Ambrosi alikuwa anasoma, kimya, macho tu yakipita kwenye kurasa. Augustino na wenzake waliingia, wakakaa, wakamtazama, wakaona aibu kumkatiza, wakatoka. Msomi wa ikulu akakosa nafasi ya kuongea na mtu mmoja aliyemhitaji.

Na kazi aliyoitafuta kwa udi na uvumba? Siku moja alikuwa anajiandaa kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari. Alijua ni hotuba iliyojaa uongo, na wasikilizaji wangejua ni uongo, na bado wangempigia makofi. Akiwa barabarani na marafiki, kichwa kinamuuma kwa wasiwasi, akamwona ombaomba amelewa, anacheka na kutania watu. Akawaza kwamba yule kwa visenti alivyoombaomba ameipata furaha ya siku moja, ingawa si furaha ya kweli, na yeye kwa miaka yote ya masomo na hotuba bado hajaipata hata hiyo.

Bei iliyolipwa na mwingine

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo mara nyingi tunaipita haraka tunapohubiri. Mimi sitaki kuipita.

Monika alivuka bahari akamfuata Milano. Katika dhoruba, abiria huyu mjane ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Alipofika ukaanza mpango wa kumwoza Augustino kwenye familia nzuri, maana kwa nafasi yake mke mwenye mali alihitajika. Monika mwenyewe alihusika. Msichana akapatikana, lakini bado alikuwa mdogo, ikabidi kusubiri miaka miwili. Na yule mwanamke aliyeishi na Augustino zaidi ya miaka 10, mama wa Adeodatus, akaonekana ni kizuizi. Akarudishwa Afrika. Aliondoka akiweka nadhiri kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine. Mtoto akamwacha kwa baba.

Jina lake halikuandikwa katika Maungamo. Augustino aliandika tu kwamba moyo wake ulichanika pale ulipokuwa umeshikamana naye, ukavuja damu. Na badala ya kumwiga uaminifu wake, akatafuta mwanamke mwingine wa muda. Mtakatifu ndiye aliyeandika hivyo juu yake mwenyewe, wala hakujipaka mafuta.

Ninapoombea vijana wanaokwenda kwenye usaili, siku hizi ninamkumbuka pia mama huyu. Mafanikio yana bei, hilo tunalijua sote. Tusilolipenda ni kuuliza nani anailipa. Mara nyingine ni mdogo wako aliyeacha shule ili wewe usome. Mara nyingine ni binti uliyemwahidi ndoa, ukapata kazi mjini, ukaacha kupokea simu zake.

Bustanini

Mwaka 386 neema ilimzingira Augustino pande zote. Padri mzee Simplisiani alimsimulia juu ya Victorinus, mwalimu maarufu wa balagha huko Roma aliyekubali kukiri imani mbele ya watu wote. Kisha Mwafrika mwenzake, Ponticianus, aliyekuwa na kazi ikulu, akaja kumtembelea. Akamsimulia habari za Antoni, mkaa pweke wa Misri, na za maofisa wawili waliosoma maisha ya Antoni wakaacha kazi ya serikali siku hiyo hiyo ili wamtumikie Mungu.

Augustino akaona aibu. Watu wasio na elimu kama yake wanauchukua ufalme wa Mungu, na yeye na elimu yake yote amekwama. Akatoka bustanini akiwa na rafiki yake Alipius, kisha akasogea peke yake chini ya mtini, akalia. Akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti kama ya mtoto, ikiimba na kurudia kumtaka achukue asome. Akarudi, akachukua Nyaraka za Mtume Paulo, akafungua, akasoma pale macho yalipoangukia, katika Waraka kwa Warumi sura ya 13, panapotutaka tuache ulafi na uasherati na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakuendelea mbele. Hakuhitaji. Wakaingia ndani wakamwambia Monika, na machozi ya ufukweni yakapata jibu.

Kazi ya Milano hakuiacha kwa kishindo. Zilibaki siku kama 20 kufika likizo ya mavuno ya zabibu. Akavumilia, akamaliza, kisha akawaarifu watu wa Milano watafute mwalimu mwingine. Kifua pia kilikuwa kinamsumbua. Nafasi aliyoivukia bahari ameishika miaka miwili tu. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili, Ambrosi akambatiza pamoja na Alipius na Adeodatus.

Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Huko Ostia, bandari ya Roma, Monika akaugua akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Aliwaambia wanawe wasihangaike na mwili wake, wauzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Safari hii hakuna aliyemdanganya. Mwanawe alikuwa kando ya kitanda.

Mji usiokuwa na usaili

Augustino alirudi Thagaste mwaka 388, akaishi na wenzake maisha ya sala na masomo. Adeodatus, kijana mwenye akili ya kushangaza, akafariki akiwa bado kijana. Augustino hakutaka tena cheo chochote. Alijua jina lake linajulikana, kwa hiyo alikwepa kusafiri kwenda mji wowote ambao hauna askofu, wasije wakamshika.

Mwaka 391 alikwenda Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba. Alimfuata mtu mmoja aliyetaka kuanza maisha ya kitawa. Hippo alijiona salama, maana askofu Valerius alikuwepo. Siku moja kanisani Valerius akawaambia waamini kwamba anahitaji padri wa kumsaidia. Alikuwa mzee, na Kilatini hakikuwa lugha yake. Watu wakageuka, wakamwona Augustino, wakamshika, wakamsogeza mbele, wakapiga kelele wakitaka apewe upadri. Augustino akalia. Wengine wakadhani analia kwa sababu amepewa upadri badala ya uaskofu, wakaanza kumfariji kwamba na uaskofu hauko mbali!

Hii ndiyo safari yake ya pili ambayo ninataka tuiweke pembeni ya ile ya Milano. Ya kwanza aliitafuta kwa kujuana, akajiandaa, akapimwa, akafaulu, na ikamwachia kichwa kinachouma. Ya pili hakuiomba. Alichoomba ni muda tu, apewe nafasi ya kujifunza Maandiko kabla ya kuanza kazi. Mtu aliyemridhisha Symmachus alijiona hajajiandaa kuwahubiria watu wa bandarini.

Akakaa Hippo miaka karibu 40, kwanza padri, kisha askofu. Ufundi ule ule wa kusema aliousoma kwa hela ya Romanianus haukupotea. Hakuwasifia tena makaisari. Aliwavunjia mkate wa Neno watu wa kawaida, na mtu wa kawaida akaelewa. Aliandika Maungamo, Utatu Mtakatifu, Mji wa Mungu na mengine mengi. Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzunguka mji, alilala mgonjwa. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani ambapo angeweza kuziona, akazisoma akilia. Aliaga dunia tarehe 28 Agosti. Wosia hakuandika, kwa sababu hakuwa na mali ya kurithisha.

Kwa wewe unayesafiri kesho

Yule kijana wa parokiani alikwenda Dar na kurudi. Majibu bado. Nimemwahidi kumpa huyu mtakatifu, na haya ndiyo ninayomwambia, na wewe pia.

Nenda. Jiandae, pasi shati, soma, jibu vizuri. Augustino hakutenda dhambi kwa kutafuta nafasi, na Mungu aliitumia kweli ile safari ya Milano. Lakini muage mama yako kwa ukweli. Na kama kuna mlango ambao hauwezi kuupita bila kujifanya unaamini usichoamini, ujue utaendelea kuulipia ukiwa ndani.

Ukifaulu, mshukuru Mungu, halafu umtafute Ambrosi wa huko uendako. Tafuta parokia kabla hujatafuta kijiwe. Ukikosa, usiseme Mungu amekukataa. Wajumbe wa usaili wameona karatasi zako na dakika chache za maneno yako. Mungu amekuona tangu mwaka ule uliokaa nyumbani bila ada.

Tusali:

Ee Mungu, uliyemfuata mtumishi wako Augustino kutoka Karthago hadi Milano, utufuate na sisi katika mabasi tunayopanda na katika vyumba tunamoitwa kwa majina. Utupe kusema kweli. Utulinde tusimwache mtu ufukweni kwa ajili ya nafasi. Na majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, tukukute wewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Augustino, utuombee.
Mtakatifu Monika, waombee mama zetu.